Wodini shida ni ndugu wanaokuja kuuguza au madirisha yaliyofungwa?

Jamani naomba tulijadili hili. Kuna watu wanasema ndugu tuzuiwe kabisa kuingia wodini, chakula kiishie getini, eti sisi ndo tunabeba mafua toka kwenye daladala tunawapelekea wagonjwa. Mi nakataa, ingawa sikatai yote.

Mwezi wa sita bibi yangu alivunjika nyonga akalazwa hospitali moja hapa Dar. Kitanda cha jirani kulikuwa na mama anakohoa usiku kucha, na ikifika magharibi tu madirisha yanafungwa yote kwa sababu ya mbu, nyavu zipo ila nyingine zimetoboka na zilizobaki zimeganda vumbi mpaka ukiweka kiganja pale husikii upepo hata kidogo. Siku ya tano bibi akaanza homa na kikohozi, mtu kaingia na mfupa tu! Na mzee aliyelala chali wiki nzima kifua kikimpata ni hatari kweli.

Virusi vya mafua havisubiri mtu akupigie chafya usoni. Anayekohoa, hata anayeongea tu, anatoa chembechembe ndogo zinazoelea kama moshi wa sigara, na chumba kikifungwa zinajazana. Surua ndo usiseme, inaweza kubaki hewani mpaka masaa 2 mgonjwa akiwa ameshaondoka. Huko Lima, Peru, utafiti wa 2007 ulipima hospitali 8 wakakuta majengo ya zamani yenye dari refu na madirisha makubwa, yakifunguliwa, yanapitisha hewa kuliko vyumba vya kisasa vinavyotegemea mashine. Hapa kwetu Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road, Dar, ikitazama bahari, sisi leo tunafunga madirisha tunawasha AC ya ukutani ambayo inazungusha hewa ileile.

Sasa wanaotaka tuzuiwe wana hoja moja nzito: Korea Kusini 2015, MERS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, iliwapata watu 186, wengi waliipatia hospitalini, wakiwemo ndugu waliokuja kuuguza na kusalimia. Kwa hiyo watu kumi kuzunguka kitanda kimoja hapana, hilo nakubali. Aingie mmoja, avae barakoa, mwenye mafua abaki nyumbani, na wanaokohoa wasikalishwe benchi moja na wajawazito. Ila nyavu zibadilishwe kwanza madirisha yalale wazi.

Usiku nesi alikuwa mmoja wodi nzima. Anayesema tuzuiwe wote aniambie, bibi angegeuzwa na nani?