Dawa za kuongeza kwenye oili: zinasaidia gari kuukuu linalokula oili, au ni hasara tu?

mwenye_spacio

Wakuu, habari za humu. Gari ni Toyota Spacio ya 2002, injini 1ZZ-FE, kilomita 218,000. Linakula oili: nikijaza hadi F, baada ya kilomita 1,500 hivi inabidi niongeze lita nzima. Chini halidondoshi. Natumia oili ya uzito wa 5W-30. Asubuhi likiwashwa moshi hauonekani, ila nikipanda mlima huku nimekanyaga mafuta, wa nyuma yangu anaona moshi wa bluu. Duka la spea wananiambia niweke dawa ya oili kila nikimwaga. Wana tatu: moja nzito kama asali, moja ya kulainisha sili, moja ya kusafisha injini. Fundi naye anasema tuisafishe kwa dizeli kwanza. Nichukue ipi, au niache zote?

gereji_tabata

Mkuu, hizo chupa tatu zinafanya kazi tatu tofauti, na gari lako inaelekea lina ugonjwa mmoja. Tuanze na ugonjwa.

1ZZ-FE za mwanzo zinajulikana kwa kula oili, na sababu iko kwenye pistoni. Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinashika kompresheni, ya tatu inakwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kupitia vitundu vilivyo nyuma yake. Kwenye pistoni hizo vitundu ni vidogo na vichache. Oili ikipitilizwa muda inaungulia pale pale, kaboni inaziba vitundu, ringi inanata kwenye mfereji wake. Oili iliyokwanguliwa inakosa njia ya kushuka, inabaki juu na kuungua. Baadaye Toyota wenyewe walibadilisha muundo wa pistoni hizo.

Hapa ndipo wengi wanapotea: wanapima kompresheni, wanakuta nzuri, wanasema ringi ni nzima. Ringi ya oili haishiki kompresheni. Silinda zote nne zinaweza kusoma vizuri, tofauti kati yake isifike hata psi 14, na gari likaendelea kunywa oili. Kipimo hicho kinakuambia habari za ringi mbili za juu na valvu, basi.

Moshi wako unaonekana gari likiwa na mzigo, hauonekani asubuhi. Sili za valvu zikichoka huwa kinyume chake: oili inachuruzika usiku kucha, asubuhi unapata wingu moja la bluu halafu linaisha, au linatoka ukiachia mafuta kwenye mteremko mrefu kisha ukakanyaga tena. Kwa hiyo dawa ya kulainisha sili iweke pembeni. Ile kazi yake ni kuvimbisha raba iliyokauka. Kwa sili iliyokakamaa kidogo inasaidia kweli, lakini ukiirudia kila unapomwaga oili raba inalegea kupita kiasi, na uvujaji unaanza pale ambapo haukuwepo. Sili iliyopasuka haitaiponya.

Kabla ya kununua chochote, chomoa valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue. Iko kwenye kava la tapeti, ina paipu inayoelekea intake manifoldi, yaani njia ya hewa ya kuingia kwenye silinda. Puliza upande wa kava: hewa ipite kirahisi. Puliza upande wa manifoldi: ipite kwa shida. Ikipita sawa pande zote, au isipopita kabisa, badilisha. PCV iliyokwama wazi inavuta mvuke wa oili kwenda kuungua, iliyoziba inajaza presha kwenye sampu na kusukuma oili popote penye udhaifu. Ni spea ya bei ndogo na inasahaulika kuliko zote. Kagua pia o-ringi ya tensheni ya cheni, kwenye injini hii huvuja taratibu na oili ikakaukia kwenye bloku bila kufika chini.

mwenye_spacio

PCV nimeichomoa, inapita pande zote mbili. Nanunua mpya. Je, ile dawa nzito? Muuzaji anasema ndiyo inayopunguza ulaji haraka.

pampu_ya_oili

Muuzaji hajasema uongo, ila hajamaliza. Ndani ya chupa ile kwa sehemu kubwa ni kiongeza uzito. Oili nzito inapita kwa shida kwenye ringi, kwa hiyo moshi unapungua ndani ya siku hiyo hiyo. Kaboni kwenye vitundu iko pale pale.

Angalia hesabu. 1ZZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Chupa ya kawaida ina karibu ml 440, ambayo ni karibu asilimia 12 ya oili yote. Oili ya dukani imeshapangwa na kiwanda: visafishaji vya kalsiamu au magnesiamu, vibeba uchafu, kinga ya msuguano ya zinki na fosforasi, kizuia povu. Unapotoa asilimia 12 yake na kuweka gundi, unapunguza visafishaji kwenye injini ambayo tatizo lake ni uchafu. Hapo mimi sikubaliani na anayesema "haina madhara".

Tena injini yako ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu. Oili inapita kwenye kichujio kidogo sana kabla ya kufika kwenye valvu inayogeuza kamshafti, na tensheni ya cheni nayo inakazwa kwa presha ya oili. Oili ikiwa nzito kuliko inavyotakiwa, asubuhi cheni inagonga sekunde kadhaa kabla presha haijafika.

Ukitaka uzito kidogo, nunua oili yenye uzito huo. Kwa joto la Dar au Mombasa toka 5W-30 uende 10W-40 yenye daraja la ubora la API SN au SP. Bei ya chupa ya dawa mara nyingi inakaribia lita ya oili nzuri, na lita hiyo inakuja na kila kitu ndani yake. Kuna pia oili zinazoandikwa ni za magari yenye kilomita nyingi. Hizo zina kilainisha sili kwa kipimo ambacho mtengenezaji ameshakijaribu pamoja na vingine vyote.

Na kama watakuletea dawa ya PTFE, ile ya kwenye vikaango, kataa. PTFE inashika kwenye chuma kisafi kilichochomwa kwenye oveni kali. Inayeyuka nyuzi 327. Oili ya injini inazunguka kwenye nyuzi 100 na kidogo, na chuma kimelowa oili muda wote. Haishiki mahali, inabaki chembe zinazoelea na kuishia kwenye filta. Mwaka 1997 watengenezaji wa Slick 50 walimalizana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyowashitaki kwa matangazo ya uongo na yasiyo na ushahidi kuhusu kinga ya injini.

mzee_wa_504

Vijana, msifunge mlango wote. Kuna injini ambazo kiongeza kimoja kina maana: zinki na fosforasi, ZDDP. Peugeot 504, Volkswagen Beetle, Land Cruiser yenye 2F, hizo tapeti zake zinasuguana na kamshafti chuma kwa chuma, na springi zinakandamiza kwa nguvu. Oili za siku hizi za uzito wa 30 kushuka chini, API SM kuja juu, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha sehemu 800 kwa milioni ili kulinda masega ya ekzosi yanayosafisha moshi. Ukiweka 5W-30 kwenye Beetle, hasa yenye kamshafti mpya, unaweza kuila kamshafti.

pampu_ya_oili

Shikamoo mzee. Hapo uko sahihi, naongeza moja tu: kikomo hicho hakizibani 15W-40 na 20W-50, kwa hiyo mwenye 504 anayetumia 20W-50 nzuri hana haja ya chupa ya ZDDP. Wengi hutumia 15W-40 ya dizeli, daraja la CI-4, yenye zinki ya kutosha. Na zinki ikizidi sana nayo inaleta kutu ya kemikali kwenye chuma, si kitu cha kumimina kwa macho.

gereji_tabata

Marahaba ya mzee nasubiri na mimi. Turudi kwenye Spacio.

Dizeli kwenye sampu usikubali. Inaondoa utando wa oili kwenye beringi za krenki, na tope lililoganda miaka linang'oka kwa mapande na kukaa kwenye chujio la pampu. Taa ya oili inawaka, na ukiendelea kuendesha injini inanoki. Pia huwezi kuitoa yote kwa kufungua nati ya chini. Inayobaki kwenye njia za oili inakwenda kuchanganyika na oili mpya.

Cha kusafisha kinachofika kwenye ugonjwa wako ni kuloweka pistoni. Tafuta kisafishaji cha kaboni kinachoandikwa kwamba kinaruhusiwa kumiminwa kwenye silinda.

Injini ikiwa vuguvugu, toa koili na plagi zote. Zungusha krenki kwa soketi ya 19 hadi pistoni zote nne zilingane katikati. Ingiza kijiti kirefu kila tundu uone. Mimina ml 50 kila silinda. Acha usiku mzima, katikati ya muda sogeza krenki kidogo mbele na nyuma, ongeza pale palipokauka. Andika kila silinda imeshusha kwa kasi gani. Ile inayobaki imejaa hadi asubuhi ndiyo ringi zake zimenata zaidi.

Asubuhi nyonya kilichobaki kwa sirinji yenye mpira. Chomoa soketi za injekta, funika matundu ya plagi kwa kitambaa, piga starta sekunde chache bila plagi. Usiruke hatua hii: kimiminika hakibanwi, pistoni ikikikuta juu kimefungiwa na plagi, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Usiwe na moto wala sigara karibu.

Kisha, kabla ya kuwasha, mwaga oili na badilisha filta, maana dawa imeshuka kwenye sampu. Jaza 10W-40 ya bei ya kawaida, rudisha plagi, washa nje. Itatoa moshi mwingi dakika kumi hadi ishirini. Oili hiyo imwage baada ya kilomita 500, halafu mbili zinazofuata kila kilomita 2,500.

Pima upya: sehemu tambarare, injini imezimwa dakika tano, jaza hadi F, andika kilomita, rudia baada ya 1,000. Kitabu cha Toyota kinaruhusu hadi lita moja kwa kilomita 1,000, kwa hiyo hata sasa uko ndani ya kikomo, ingawa si hali ya kujivunia. Ikishuka hadi nusu lita, baki na 10W-40 na uangalie kijiti cha oili kila ukijaza mafuta.

mwenye_spacio

Nimeelewa. Na isiposhuka?

gereji_tabata

Basi vitundu vimeziba kabisa na dawa haitavifikia. Ni kushusha injini, kuweka pistoni za muundo wa baadaye na ringi mpya. Ukishawishiwa kununua injini ya mtumba badala yake, uliza mwaka wake kwanza: 1ZZ ya 2001 au 2002 inakuja na pistoni zile zile.