Mkuu wa shule anadai daftari la unasihi likae ofisini kwake: nifanyeje?

Mwalimu_Ilemela ameuliza:

Habari za kazi, wanajukwaa. Ninafundisha Baiolojia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Ilemela, karibu na ziwa, na muhula huu nimekabidhiwa pia ushauri na unasihi, ilhali bado ni mjumbe wa kamati ya nidhamu. Mkuu wa shule anataka kila mazungumzo yangu na mwanafunzi yaandikwe katika daftari linalokaa ofisini kwake, kando ya kitabu cha adhabu, ambalo mwalimu yeyote wa zamu anaweza kulifungua. Yupo mvulana wa kidato cha pili aliyekuwa akiongoza Hisabati, ambaye siku hizi anasinzia, amejitenga na wenzake, na madaftari yake yana tarehe na vichwa vya mada tu, chini yake patupu. Nilipomwita, alilitazama lile daftari mezani akasema hana tatizo lolote. Je, ninaweza kukataa kuandika? Na nikielezwa jambo zito, ni wakati gani ninapaswa kumjulisha mzazi?

Mnasihi_Mwanza amejibu:

Mwalimu, usikatae kuandika. Kataa mahali linapowekwa daftari. Bila kumbukumbu huwezi kujua kama mtoto anapata nafuu au anazidi kudidimia, lakini kumbukumbu hizo hufungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake unao wewe, tena kwa namba badala ya jina, na mkuu hupewa yale tu anayoyahitaji ili achukue hatua, kwa mfano nani apewe ruhusa ya kwenda hospitali. Mwombe pia akutoe kwenye kamati ya nidhamu. Kwa kanuni za mwaka 2002, viboko havizidi vinne na hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwa hiyo hakuna ulazima wa mnasihi kuhusika. Mwanafunzi aliyekuona na fimbo asubuhi hatakueleza jioni kwamba usiku hapati usingizi.

Kuhusu siri, usimwahidi kamwe kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mweleze mapema, kabla hajafungua kinywa, kwamba utayatunza maneno yake isipokuwa maisha yake au ya mwenzake yakiwa hatarini, au kukiwa na mtu anayemdhuru. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki zake azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa hiyo masuala ya ukatili mpelekee afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, usianze na mzazi ambaye huenda ndiye mhusika. Katika mambo mengine mzazi aelezwe, ila mtoto aulizwe kwanza angependa yasemwe vipi.

Huyo kijana muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Najua walimu wengi huliogopa swali hilo wakidhani litampa wazo, lakini Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na mara nyingi humpunguzia wasiwasi. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Mwl_Visiwani amejibu:

Naunga mkono, na ninaongeza jambo la huku Ukerewe: kabla hujaamua kwamba mtoto anaumwa, angalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika. Tulipolinganisha rejista ya mahudhurio na kalenda ya mwezi, tuligundua kwamba baadhi ya wavulana tuliowaita wavivu walikuwa wakichangamka kila mwezi unapokuwa mpevu, kumbe walikuwa wakikesha ziwani ili wapate fedha za daftari na chakula. Hao tuliwasaidia kwa kuzungumza na walezi wao na wenye mitumbwi. Anayebaki vilevile giza na mwanga, aliyepoteza hamu hata ya mpira, na hali hiyo ikapita wiki mbili, huyo anahitaji mtaalamu.

Uliza pia habari za misiba. Tuna wanafunzi waliofiwa na ndugu katika ajali ya kivuko cha MV Nyerere, 20 Septemba 2018, wakiwa wadogo mno kuelezwa chochote, na wapo ambao hunyamaza kila Septemba inapokaribia.

Mama_Nyamagana amejibu:

Walimu wetu, mimi ni mzazi, na hili la kumchelewesha mzazi linanipa shida. Shule moja iliniita kuhusu binti yangu, nikakalishwa mbele ya walimu wengi na kuambiwa kwamba ana kiburi, wakati mtoto alikuwa hali wala halali tangu bibi yake afariki. Niiteni mapema, niiteni peke yangu, mniambie mlichokiona kwa macho, hukumu iwe baadaye. Wengine wetu tutawaza maombi au mganga kwanza. Msitukemee, tuelezeni kwamba hospitali nayo inatibu jambo hili. Watoto nao waelezwe kwamba 116, Simu ya Mtoto, hailipiwi.

Mwalimu_Ilemela ameandika:

Asanteni sana, na pole sana Mama. Jumatatu nitamwona mkuu kuhusu kabati na kamati. Tatizo lililobaki ni kwamba hatuna chumba hata kimoja cha ziada.

Mnasihi_Mwanza amejibu:

Chumba si lazima. Tafuta kivuli mahali ambapo kila mtu anawaona lakini hakuna anayesikia. Inakulinda na wewe dhidi ya maneno, hasa ukizungumza na mwanafunzi wa kike. Usimtoe darasani mbele ya wenzake, maana wataanza kumuuliza alichoitiwa. Mpitie wakati wa usafi wa mazingira, na mara ya kwanza usibebe daftari. Andika baadaye, akishaondoka.