MJADALA: Machungu ya utotoni ya mpelelezi yanamweleza, au yanamsafisha?

Mtoa mada

Wakuu, mada hii inanisumbua tangu Homicide: Life on the Street ilipowekwa Peacock, huduma ya kutazama filamu na tamthilia mtandaoni, Agosti 2024. Ni tamthilia ya wapelelezi wa mauaji wa Baltimore, Marekani, iliyorushwa na kituo cha runinga cha NBC kuanzia 1993 hadi 1999. Si lazima uwe umeiona, naeleza.

Machi 1993 ilitoka sehemu iitwayo "Three Men and Adena". Karibu yote imechezwa ndani ya chumba kimoja cha mahojiano. Wapelelezi Bayliss na Pembleton wana saa 12 za kumfanya mzee Risley Tucker, mchuuzi wa matunda anayezunguka mitaani na mkokoteni wa farasi, akiri kwamba ndiye aliyemuua Adena Watson, binti wa miaka 11. Wanambembeleza, wanamfokea, wanamchosha. Inafika mahali Bayliss anamkamata na kumsogeza uso karibu na bomba lenye joto kali. Mzee hakiri kuua. Badala yake anawageuzia kibao: Pembleton anaambiwa anawadharau weusi wenzake, Bayliss anaambiwa ndani yake kuna giza. Saa zinaisha, mzee anaachiwa. Pembleton anatoka akiamini ndiye muuaji. Bayliss, aliyeibeba kesi ile kuliko mtu yeyote, hana tena uhakika. Na tamthilia inaisha kesi ikiwa haijatatuliwa.

Sasa ruka hadi Januari 1997, sehemu ya "Betrayal". Bayliss anamfungukia Pembleton kwamba alipokuwa mdogo anko wake, George, alimnajisi. Kuanzia hapo mashabiki wanarudi nyuma na kusema, kumbe ndiyo maana. Ndiyo maana kesi ya Adena ilimwingia vile. Ndiyo maana lile bomba.

Hiyo "kumbe ndiyo maana" ndiyo ninayoipinga. Ukishampa polisi jeraha, aliyekaa upande wa pili wa meza anafutika. Tunaacha kuuliza kama mzee Tucker alitendewa haki, tunaanza kumhurumia aliyemshika shingo. Utoto wa Tucker ulikuwaje? Hakuna aliyeuliza. Na mchezo huu unaendelea hadi leo. Stabler, mpelelezi wa tamthilia ya Law & Order: SVU anawapiga watuhumiwa msimu baada ya msimu, halafu mwaka 2008 tunaletewa mama yake mwenye maradhi ya akili, mwigizaji Ellen Burstyn anachukua tuzo ya Emmy (kwa haki kabisa, aliigiza vizuri mno), na sisi tunafuta machozi. Waliopigwa wako wapi?

Karibuni, ila tusitukanane.

Mchangiaji wa kwanza

Mtoa mada nimekusoma, lakini hapa umekaza mno. Fikiria mwaka ule. Mwanamume, tena polisi, anakaa kwenye runinga inayotazamwa nchi nzima na kusema nilinajisiwa nikiwa mtoto. Nani alikuwa anasema hivyo 1997? Wanaume wangapi walikuwa wamenyamaza nalo miaka yote wakidhani wako peke yao? Kwangu hilo lina uzito kuliko hesabu yako ya nani kahurumiwa zaidi. Huwezi kuwanyima watu kusikia habari yao kwa sababu tu aliyeisimulia amevaa beji.

Mchangiaji wa pili

Mimi naangalia tamthilia ya CSI kwa ajili ya zile taa za buluu za maabara, utoto wao siutaki kabisa. Endeleeni.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mtoa mada hujamalizia hadithi, na hapo ndipo hoja yako inapopwaya. Mei 1999, sehemu ya mwisho kabisa: Luke Ryland, anayewaua wanawake na kuonyesha mauaji kwenye intaneti, anaachiwa huru kwa sababu kesi imecheleweshwa mahakamani. Muda si mrefu anakutwa ameuawa. Kwenye filamu ya kufunga hadithi, Februari 2000, Bayliss anakiri kwa Pembleton kwamba ni yeye. Sasa huyo amesafishwa wapi? Waandishi wamemchukua yule yule mwenye jeraha wakamfikisha kwenye uuaji. Hiyo ni hukumu, bwana, si huruma.

Mchangiaji wa nne

Hukumu ipi? Ryland amechorwa mbaya kiasi kwamba nusu ya watazamaji walishangilia. Januari 2020 shirika la Color of Change, linalotetea haki za weusi Marekani, lilitoa ripoti kuhusu tamthilia 26 za uhalifu, sehemu 353. Waliona kwamba wanaovunja haki za watu kwenye hizi tamthilia mara nyingi ni wale "wazuri", na kitendo kinaonyeshwa kama jambo la kawaida la kazi, au la lazima. Jeraha la utotoni linaingia hapo kama kibali.

Halafu tuache tamthilia, twende Baltimore yenyewe. Mwaka 1984 vijana watatu weusi walifungwa maisha kwa mauaji ya mwanafunzi wa miaka 14 katika shule ya Harlem Park. Walitoka Novemba 2019, baada ya miaka 36 tangu wakamatwe 1983, ilipobainika kwamba mashahidi, nao watoto, walishinikizwa na wapelelezi. Mwaka 2023 jiji likakubali kuwalipa dola milioni 48. Hebu niambieni, anko George wa kesi ile ni nani?

Mtoa mada

Asante mchangiaji wa nne, umenipa pa kushika.

Kwenye ofisi ya wale wapelelezi kuna ubao mkubwa mweupe. Juu jina la mpelelezi, chini yake majina ya waliouawa. Kesi iliyofungwa inaandikwa kwa wino mweusi, iliyo wazi kwa wino mwekundu. Kila anayepita anaona nani ana wekundu mwingi, na bosi anaona pia. Jina la Adena linakaa chini ya Bayliss kwa wekundu, na hiyo ndiyo kesi yake ya kwanza kuiongoza. Mnahitaji anko ili kuelewa kwa nini mtu kama huyo anamsogeza mzee kwenye bomba? Mwaka 1993 waandishi walishatuonyesha sababu, imetundikwa ukutani. Mwaka 1997 wakaitoa ukutani wakaipeleka chumbani kwa mtoto, na huko hakuna taasisi inayoweza kuulizwa chochote.

Mchangiaji wa kwanza, siwanyimi wanaume wale habari yao. Bayliss angeweza kusema yote hayo kwa heshima zote bila kufungwa kamba na kesi ya Adena. Tatizo langu ni kamba.

Mchangiaji wa kwanza

Kamba hiyo ndiyo maisha, kaka. Mtu haendi kazini akaacha utoto wake getini. Ubao wako upo kwa wapelelezi wote wa ofisi ile, kila mmoja ana wekundu wake, na si wote waliomshika mtu shingo. Hiyo tofauti unaieleza kwa kitu gani?

Mchangiaji wa tatu

Hapo sasa. Mtoa mada jibu hilo kwanza.

Mtoa mada

Nitajibu. Si wote walioshika shingo, lakini wote walimwona Bayliss akirudi kazini kesho yake, na hakuna aliyeandika ripoti kuhusu bomba.