Wenye sukari na presha kwa pamoja, tupeane uzoefu

Mgonjwa Sugu: Habari za humu wakuu. Jana kliniki ya sukari kuna dada kamkatalia nesi mkono: "Mimi nimekuja kwa sukari, presha hainihusu." Benchi zima tulicheka, ila nikajiuliza wangapi tunadhani hivyo. Wenye vyote viwili, na mnaouguza, karibuni.

Binti wa Pangani: Umenigusa. Baba yangu ana sukari ya siku nyingi, presha alikuja kuambiwa baadaye, dawa anameza akikumbuka. Tuko Muheza kwenye harusi ya binamu, baada ya pilau akasema kiungulia kimempanda. Kifua wala hakukishika. Baba mdogo akamfungulia soda ya tangawizi ashushe gesi. Akakaa pembeni ya turubai, kimya. Namtazama, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho, na ni usiku, upepo unavuma! Nikajua sukari imeshuka. Tukamtoboa kidole: 14, yaani iko juu, haijashuka. Sasa jasho la nini? Na anahema. Watu wanasema apelekwe ndani akajinyooshe. Mama akagoma, akajifunga khanga kiunoni: "Gari. Sasa hivi." Hospitali presha 190/110. Wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka: shambulio la moyo. Na kifua hakijamuuma hata kidogo! Daktari akasema sukari ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ile ya moyo ikiwemo, kwa hiyo mtu anaweza asisikie maumivu. Utaona jasho, kichefuchefu, kuhema, kuishiwa nguvu ghafla. Mzee yupo, anatembea, vidonge anameza kwa saa. Harusi ndiyo haendi tena.

Kaka Mnyonge: Soda?! Mgonjwa wa sukari?

Mama Nasra: Pole sana mwanangu. Mamako ana akili.

Dereva wa Usiku: Mama wa Muheza apewe maua yake.

Kaka Mnyonge: Hamjanijibu. Soda?

Mzee wa Rosela: Ndiyo maana mimi vidonge niliviacha. Kitunguu saumu asubuhi, rosela jioni. Niko fiti.

Mama Nasra: Umepima lini mara ya mwisho, baba?

Mzee wa Rosela: Najisikia vizuri.

Mama Nasra: Presha haisikiki, inapimwa. Kunywa rosela yako bila sukari, na kidonge meza.

Mzee wa Rosela: Nyie mmetekwa na maduka ya dawa.

Shemeji Lao: Mimi walinianzishia enalapril, dawa ya presha, nikapata kikohozi kikavu, nyumba nzima hawalali. Jirani akaanza kufunga dirisha lake, kajua TB. Kurudi kliniki wakanibadilishia losartan, kikapotea. Wakaniambia dawa za kundi hilo zinasaidia na figo, na sisi wa sukari figo zetu ziko hatarini. Kwa hiyo ukikohoa usiache kimyakimya, kawaambie.

Dereva wa Usiku: Nakazia. Mimi amlodipine, nayo ya presha, ilinivimbisha vifundo vya miguu, viatu havifungiki.

Mgonjwa Sugu: Mnaambiwa presha iwe ngapi? Mimi chini ya 130/80.

Dereva wa Usiku: Mbona mimi niliambiwa 140/90 si mbaya?

Shemeji Lao: Hiyo ndiyo namba ya kuitwa mgonjwa wa presha, mkuu! Ukiwa na sukari wengi wanataka ishuke zaidi. Muulize daktari wako, wazee wengine hawashushwi sana wasije wakaanguka.

Mama Nasra: Na mpime vizuri. Kaa dakika tano, mgongo uegemee, miguu chini, mkono juu ya meza, nguo isiwe katikati. Na mdomo ufungwe! Mama mkwe wangu hupima huku anagombana na muuza mchicha, kisha anasema mashine mbovu.

Kaka Mnyonge: Chumvi je?

Shemeji Lao: Kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na chumvi ya kwenye mkate na supu ya barabarani imo humo humo.

Dereva wa Usiku: Chipsi bila chumvi ni kifungo. Bora ile chumvi mbadala ya dukani.

Shemeji Lao: Soma pakiti kwanza. Ikiwa ya potasiamu na unameza losartan, potasiamu inaweza kupanda mwilini, nayo inasumbua moyo. Uliza kabla hujanunua.

Kaka Mnyonge: Haya, turudi kwenye soda.

Binti wa Pangani: Baba mdogo yumo humu anasoma. Anasema mumwache.