Kasha la kanda chini ya kitanda

Kikundi: NYUMBA YA KIBOKONI 🕌

Swaleh: Asalaam aleikum jamaa. Nasafisha chumba cha bibi, mafundi wa rangi waja kesho. Chini ya kitanda kuna kasha la kanda, kama 30 hivi. Nitupe?

Ami Badi: Tupa uone.

Ami Badi: Waleikum salaam.

Shangazi Zuhura: Heri umekumbuka salamu 😂

Fatma: Ami, nyimbo zote hizo ziko kwenye simu.

Ami Badi: Nyimbo ziko, albamu haziko. Nyinyi wimbo haujafika kiitikio mshauruka. Sisi kuruka kulikuwa kazi: ubonyeze, usubiri, upitilize, urudi nyuma, na betri zenyewe za kununua. Mtu akisikiza albamu nzima kwa uvivu. Ndiyo tukazijua.

Ami Badi: Haya. Kila mtu ataje albamu moja ya miaka ya themanini ambayo haruki hata wimbo mmoja.

Salim: Legend ya Bob Marley.

Ami Badi: Huo ni mkusanyiko. Umetoka 1984, Bob kafariki 1981. Haihesabiki.

Salim: Basi Thriller ya Michael Jackson. Nyimbo 9, dakika 42. Waitia upande mmoja wa kanda ya dakika 90 yaenea sawasawa.

Ami Badi: Hapo sina neno. Quincy Jones, mtayarishaji wake, alijua kupanga. Na lile gitaa la Beat It ni la Eddie Van Halen, mtu wa roki hasa.

Shangazi Mwanakheri: Mimi Can't Slow Down ya Lionel Richie, 1983. Nyimbo 8 tu. Na mwatukumbuka tulivyogombana na Zuhura kuhusu yale maneno ya All Night Long?

Shangazi Zuhura: Nilisema ni Kiswahili cha Kongo 🙈

Shangazi Mwanakheri: Mara Kikongo, mara Kizulu, kwa sababu umesikia "jambo" mle ndani. Kumbe Lionel mwenyewe ashakiri ni maneno ya kubuni. Hayana maana yoyote. Mwaka mzima hatukusemezana vizuri kwa maneno ya hewa!

Salim: Boney M wao walipotaka jambo la kweli walikuja kwa Them Mushrooms wetu, wenye wimbo wa Jambo Bwana. 1983 hiyo.

Salim: Na wale wa bendi ya Toto walioimba kuwa Kilimanjaro imesimama juu ya Serengeti je? Mimi napeleka lori Taveta kila wiki. Mlima nauona. Serengeti siioni.

Fatma: 😂😂 Mimi nachagua The Works ya Queen, 1984. Freddie Mercury ni mtu wetu.

Ami Badi: Mtu wa Unguja huyo, kazaliwa Mji Mkongwe 1946. Mombasa tusijibandike. Na hizo mbili unazozijua, Radio Ga Ga ni ya mpiga ngoma wao, I Want to Break Free ya mpiga besi. Zisikize na zilizobaki, kisha urudi.

Fatma: Kwani huu ni mtihani?

Shangazi Zuhura: Tracy Chapman, ile ya kwanza, 1988. Nyimbo 11, na kwenye Behind the Wall hata gitaa hakuna, ni sauti yake tu. Juni ile kulikuwa na tamasha Wembley la miaka 70 ya Mandela, na Mandela yuko jela bado. Kifaa cha kinanda cha Stevie Wonder kikakosekana, yule binti akarudishwa jukwaani kuziba pengo, yeye na gitaa lake. Akaimba Fast Car. Dunia nzima ikamjua kwa sababu ya kifaa kilichopotea.

Shangazi Mwanakheri: Ukiisikiza huku wapepeta mchele, nakumbuka.

Swaleh: Na Ami mwenyewe?

Ami Badi: Brothers in Arms, Dire Straits, 1985. Na kwa albamu hii nilidhulumiwa.

Fatma: Haya tena.

Ami Badi: Nilimpa kijana wa duka moja la kurekodi anitilie kwenye kanda ya dakika 90. Upande mmoja ni dakika 45. Albamu yenyewe ni 55. Hakuniambia kitu. Wimbo wa nane waanza tu, tak! Kanda imekwisha. Wa tisa haumo kabisa. Na wa tisa ndio wenyewe, ndio uliobeba jina la albamu!

Salim: Hukushangaa?

Ami Badi: Karatasi ya majina aliandika yeye. Aliandika nyimbo saba. Miaka kumi na tatu nasema naijua albamu ile. Siku moja niko kazini bandarini, redio yaupiga, nikamuuliza mwenzangu, "Hawa Dire Straits wametoa mpya?"

Shangazi Zuhura: 🤣🤣🤣

Swaleh: Ami, nafikiri ninayo hapa. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu: A Dire Straits, B Paul Simon.

Ami Badi: Ndiyo hiyo! B ni Graceland, 1986, wamo Ladysmith Black Mambazo. Ile iliingia yote, dakika 43. Weka tusikie.

Swaleh: Redio ya bibi yafanya kazi. Ngoja.

Swaleh: Upande A sawa, na tak yake iko pale pale. Lakini B si Paul Simon.

Ami Badi: Vipi si Paul Simon? Nilivunja vile vijino viwili vya juu kwa mkono wangu ili mtu asirekodi tena.

Swaleh: [picha] Vijino vimevunjwa kweli. Lakini juu ya matundu kuna selotepu.

Ami Badi: Nani katia selotepu?

Ami Badi: Zuhura?

Ami Badi: Zuhura, naona tiki za buluu.

Shangazi Zuhura: Maduka ya kanda yalikuwa yamefungwa, ilikuwa usiku.

Swaleh: Ni vugo. Pembe zapigwa, vigelegele, wanawake waimba. Halafu kuna mtu asema karibu kabisa na maikrofoni, "Wali wa bibi arusi umeungua."

Salim: Arusi ya nani?

Swaleh: Watajwa "Mwanakheri, Mwanakheri."

Shangazi Mwanakheri: Haukuungua. Ulishika chini kidogo.