Tupeane uzoefu: miaka mnaipitishaje ndani ya hadithi?

#1
Wakuu, mnaoandika na mnaosoma, karibuni. Nina hadithi ambayo mtoto anaondoka nyumbani akiwa na miaka saba, anarudi mtu mzima. Hapo katikati sina cha kusimulia, ila nikiruka tu msomaji haoni kama miaka imepita. Nyie huwa mnafanyaje?

#2
Ruka, lakini acha kitu kimoja kilichobadilika, msomaji akione mwenyewe. Kwangu ilikuwa komeo la mlango. Sura ya kwanza binti anapanda kigoda kulifikia. Sura inayofuata analifungua kwa kiwiko, hata halitazami, mikono imejaa mizigo. Umri sikuutaja, na hakuna aliyeniuliza amekua lini.

#3
Mimi msomaji tu. Aliyenikomesha ni Virginia Woolf kwenye riwaya yake To the Lighthouse (1927). Sehemu ya kwanza yote, tena ndefu, ni mchana na jioni ya siku moja. Halafu miaka 10 inakwenda kwa kurasa chache: nyumba haina watu, unyevu unaingia, vitabu vinaota ukungu, na kifo cha Bi Ramsay, mama tuliyekaa naye muda wote ule, kimetupwa ndani ya mabano. Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa. Nilimnunia mwandishi siku nzima, ingawa najua ndicho alichokitaka.

#4
#2 umenena. Mimi nahariri, na jicho langu huwa kwenye vitenzi. "Akaamka, akaoga, akala, akaondoka": asubuhi nzima imekwisha kwa maneno manne. Ukitaka isimame, lete -ki-: "Alikuwa akifunga kifungo cha pili mlango ulipogongwa." Wengi wanaikimbiza -ka- mpaka msibani, mtu anakufa kwa kasi ileile aliyonywea chai.

#5
Mbona kuandika tu "miaka kumi baadaye" mnakukwepa? Mimi napenda njia hiyo. Maneno matatu, tumefika. Kinachonichosha ni aya nzima ya majani kupukutika na kuchipua.

#6
Hata kama tarehe huziandiki, weka kalenda ya hadithi pembeni. Niliwahi kupewa mswada niupitie, mhusika ana mimba. Nikahesabu: safari, kesi, harusi ya mdogo wake, miezi 14 na bado hajajifungua! Mwandishi alikuwa anamwongezea matukio tu.