Kamera ya rangi iwe ya nyeusi na nyeupe: kukwangua sensa, kulipa wataalamu au kununua ya kiwandani?

Kivuli_Mwanza
Habari zenu wadau. Nina Canon 1000D imekaa kabatini, bado nzima. Siku hizi napiga nyeusi na nyeupe tu: wavuvi, mitumbwi, wazee wa mtaani. Nasikia lile tabaka la rangi juu ya sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha) linaweza kukwanguliwa. Nilinganishieni: nikwangue mwenyewe, nitume kwa wataalamu nje, au nijikusanye ninunue Pentax K-3 Mark III Monochrome, iliyotengenezwa kiwandani kwa nyeusi na nyeupe tu? Au nibaki kuondoa rangi kwenye kompyuta kama sasa?

NyotaUsiku
Mimi napiga anga. Katika kila pikseli nne (zile nukta za sensa zinazopokea mwanga), mbili zimefunikwa kichujio cha kijani, moja chekundu, moja cha bluu. Ni mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ya 1976. Mawingu ya haidrojeni hung'aa wekundu wa nanomita 656, kwa hiyo robo tu ya pikseli zangu ndizo zinazoyaona, zilizobaki zimelala. Ukiondoa tabaka, zote zinaamka. Kwako wewe wa mchana, faida ni ukali wa picha, maana kamera haikisii tena rangi kwa kuazima kwa pikseli jirani.

FundiTanga
Nimekwangua mbili, moja ilikufa.

Kufungua kamera si kazi. Kazi ni kioo kinachofunika sensa: kimegandishwa kwa gundi, unakipasha moto taratibu, unapenyeza wembe pembeni. Chini yake, kuzunguka sensa, kuna nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Ile ya kwanza wembe uliteleza kama milimita moja hivi. Nikaifunga, ikawaka, shata ikalia vizuri kabisa, picha ikatoka nyeusi tii. Ya pili nilizifunika nyaya kwa epoksi kwanza, nikaiacha siku nzima ikauke, ndipo nikakwangua chini ya kioo cha kukuzia. Kingo niliziacha kwa kuogopa nyaya, kwa hiyo kila picha naipunguza pembeni.

Na hili wengi hawaambiwi. Juu ya rangi kuna vilenzi vidogo, kimoja kwa kila pikseli, vya kukusanya mwanga. Huwezi kukwangua rangi ukaviacha. Mwanga unaoupata kwa kuondoa vichujio, sehemu yake unaipoteza hapo hapo, na hata wataalamu wakikwangua, vilenzi haviponi. Ya kiwandani haina hasara hiyo: Pentax unayoitaja inaanzia ISO (kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga) 200, ndugu yake wa rangi anaanzia 100.

Usisahau kurudisha kioo kinachozuia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Ukikiacha nje, fokasi inahama na ngozi za watu zinatoka kama nta.

BintiMombasa
Niliwahi kuazimwa Leica M Monochrom ya 2012, nayo ya kiwandani ya nyeusi na nyeupe. Taabu yake ni kwenye mwanga mkali. Kamera ya rangi, nyekundu ikijaa, huenda kijani bado kina kitu cha kuokoa. Kwenye hii, kilichoungua kimeungua. Nilimpiga bibi mmoja mlangoni kwake, uso ukatoka mzuri, mtandio wake mweupe ukawa karatasi tupu. Tangu siku hiyo nashusha stopu moja, yaani naingiza nusu ya mwanga.

Pia kompyuta haitakusaidia tena kuchagua rangi ipi iwe giza. Unachagua mbele ya lenzi: chujio jekundu kwa anga zito, la chungwa kwa ngozi zetu, linazifungua bila kufuta mikunjo ya uso. Kwa wazee wako, hilo peke yake linanitosha kusema ondoka kwenye rangi.

Kivuli_Mwanza
Pentax bei gani?

FundiTanga
Ilitoka Aprili 2023 kwa takriban dola 2,200 za Marekani, bodi tupu bila lenzi, na lenzi zako za Canon haziingii. Leica M11 Monochrom ni zaidi ya dola 9,000, tuiache. Kutuma 1000D nje kwa wataalamu sikushauri: ni pikseli milioni 10 za mwaka 2008, gharama itaipita kamera yenyewe. Kwangu mimi ni mawili tu. Kama uko tayari kuipoteza, ikwangue. Kama inakuuma, jikusanye ununue Pentax.

Kivuli_Mwanza
Haiumi. Nakwangua. Ulitumia kijiti gani kukwangulia?

FundiTanga
Cha mishikaki, cha mwanzi, nimekichonga ncha butu. Kikianza kuchakaa chonga kingine. Chuma kisiguse sensa kabisa.